Kulijua neno "heed" hadi likutoke mdomoni bila kujikwaa

"Nilikwambia ubebe mwavuli, hukusikia." Mama akimwambia hivyo mtoto aliyerudi nyumbani amelowa chepechepe, hakuna anayefikiri kwamba masikio ya mtoto yana kasoro. Sauti ilimfikia vizuri. Alichokosa ni kuyafanyia kazi maneno aliyoambiwa. Kitenzi "sikia" kinabeba yote mawili, ndiyo maana tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hatudhani kwamba methali inawasema viziwi.

Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi vitatu. Kufikiwa na sauti ni "hear". Kutega sikio ni "listen". Kulichukua onyo au ushauri na kulifuata kwa vitendo ni "heed". Mwanafunzi wa Nairobi anayefikiri kwa Kiswahili huandika "I told you but you did not hear", na msomaji Mwingereza anaelewa kwamba palikuwa na kelele au simu ilikatika. Kosa ni dogo kwa macho, lakini maana imepotea yote.

Neno lenyewe lina herufi nne tu. Mitego yake ni sauti, kihusishi kinacholifuata (neno dogo kama "to" au "of"), na mahali linapofaa kutumika. Mtu anayesoma orodha ya maneno 20 kwa usiku mmoja huangukia mitego yote, kwa sababu anabeba tafsiri peke yake. Mwongozo huu unalishughulikia neno moja kwa siku 30: nusu saa siku ya kwanza, kisha dakika tatu au nne kila siku ya marudio.

Vitu vya kuandaa

Chukua karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A4. Ikunje katikati mara tatu, uikate kwenye mikunjo. Utapata kadi nane, kila moja milimita 74 kwa 105 hivi, zinazoingia kwenye mfuko wa shati. Tafuta kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, simu yenye kinasa sauti, na magazeti mawili matatu ya Kiingereza, hata ya wiki iliyopita.

Kamusi unayohitaji zaidi ni ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungiwa wanafunzi, ile inayotoa sentensi za mfano na kuonyesha matamshi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa "zingatia", "jali", "sikiliza", na zote ni kweli kwa kiasi, lakini mara nyingi haikuambii neno linafuatwa na nini. Hapo ndipo wengi wanapotelea.

Hatua ya kwanza: ipate maana kamili

Kabla ya kutumia "heed" jiulize maswali mawili. Je, kuna kitu kilichosemwa au kuandikwa kinachomtaka mtu afanye jambo, kama onyo, ushauri, wito, ombi au funzo? Je, sentensi inahusu kulitenda jambo hilo, au kukataa kulitenda? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, neno linafaa. Moja likiwa hapana, tafuta neno jingine.

Chukua masika ya mwaka 2024, mvua ilipoujaza mto Mathare hadi maji yakaingia katika nyumba za watu. Wakazi wa kandokando ya mto walionywa wahame. Fikiria mtu aliyekuwa akiosha vyombo redio ikizungumza pembeni: sauti ya tangazo ilimfikia, basi "he heard the warning". Akaweka sufuria chini, akaongeza sauti, akalifuatilia tangazo hadi mwisho: "he listened to the warning". Akakunja godoro, akafunga stakabadhi katika mfuko wa plastiki, akawachukua watoto wakapanda kwenda kwa shangazi yao: "he heeded the warning". Asingeondoka, angekuwa amesikia na amesikiliza, lakini "heed" isingemhusu.

Hapa kuna jambo la haki pia. Wengi hawakuwa na pa kwenda. Ukiandika "they did not heed the warning" unawatia lawama, kwa kuwa neno hili linachukulia kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kuchagua. Ikiwa njia haikuwepo, andika "they were unable to heed the warning". Maneno machache hayo yanabadilisha hukumu ya sentensi nzima, na mwandishi mwadilifu hayaachi.

Suala hilo la kuchagua ndilo linalolitenga "heed" na "obey". Polisi wa trafiki akiinua mkono kwenye mzunguko wa barabara, unasimama: hiyo ni amri, na amri hutiiwa, yaani "obey". Makanga akikuambia ushike simu vizuri kwa sababu dirisha liko wazi na hapo mbele kuna wanyakuzi, hakuamuru. Amekushauri. Ukiitia simu mfukoni, "you heeded his advice".

Tahadhari kuhusu "zingatia". Ndilo neno la Kiswahili lililo karibu zaidi, lakini upana wake si uleule. Tukisema kamati inazingatia pendekezo, huenda tunamaanisha kwamba bado inalifikiria. Ukitafsiri kwa "the committee is heeding the proposal", umesema kwamba imeshaanza kulifuata. Hapo tumia "considering". Na mwalimu akisema wanafunzi wazingatie darasani, anataka wawe makini, "pay attention". Sentensi "students should heed in class" haisimami, kwa sababu "heed" inadai kutajiwa kitu kinachofuatwa.

Njia ya kuikumbuka maana hii iko katika asili ya neno. Lilitoka katika Kiingereza cha kale, "hedan", na lina ndugu katika Kijerumani, "hüten", ambalo maana yake ni kulinda na pia kuchunga mifugo. Sasa fikiria tunavyozungumza sisi. "Chunga!" unaambiwa ukitaka kuvuka Tom Mboya Street bila kutazama. Anayechunga mbuzi na anayejichunga wanatumia kitenzi kimoja. Kiingereza kilipita njia hiyohiyo: "take heed" ni "chunga", neno kwa neno.

Hatua ya pili: sauti

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayowafanya watu walijue neno kwa miaka kumi bila kulitamka hata mara moja mbele ya watu.

Anza na neno ambalo tayari unalo. Sema "nyumba hii". Rudia "hii" peke yake, irabu ikiwa ndefu, midomo imevutwa pembeni kidogo kama unaanza kutabasamu. Sasa ifunge kwa d: hii-d. Umepata "heed". Weka kiganja mbele ya mdomo, upana wa vidole vitatu; lazima uhisi pumzi ya h. Usipoihisi, h imemezwa, na msikilizaji atasikia neno lisilokuwepo.

Ugumu uko mwishoni. Maneno yetu ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi unataka kuongeza i ndogo na kusema "hiidi". Dawa yake ni kuupeleka ulimi kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu na kuuacha hapohapo, bila kuuachilia, ukihesabu moja, mbili. Fanya hivyo mara tano. Kisha unganisha d na neno linaloanza kwa irabu, ili ile hamu ya kuongeza irabu ipate kazi halali: "heed advice" hutamkwa kama neno moja, d ikihamia mbele.

Tatizo jingine huwapata watu ambao lugha yao ya kwanza ni kama Gikuyu, ambamo d haisimami bila n mbele yake. Ulimi unaingiza n bila mwenyewe kujua, neno linakuwa "hiind". Bana pua kwa vidole viwili kisha utamke. D safi hupita bila shida hata pua ikiwa imezibwa. N ikiwamo, sauti itakwama na utaihisi ikigonga puani. Endelea na pua iliyobanwa mpaka sauti itoke wazi, halafu achilia vidole na urudie.

Baada ya hapo litenganishe neno na majirani zake:

"hid" ina i fupi na legevu, iliyo katikati ya i na e yetu. Kiswahili hakina irabu hiyo, kwa hiyo usiitafute kwa kukaza midomo, ilegeze.

"head" ina e ya kawaida, fupi.

"heat" ina irabu ileile ya "heed", lakini mwisho ni t, na irabu inakatwa mapema. Katika Kiingereza irabu hurefuka mbele ya d na hufupika mbele ya t, na sikio la Mwingereza hutegemea sana urefu huo. Ukiifupisha "heed", atasikia "heat", yaani joto, hata kama d yako ni nzuri.

"he'd", kifupi cha "he had" au "he would", hutamkwa sawasawa na "heed" mtu anapoitamka kwa mkazo. Liweke hili akilini kama una mtahiniwa nyumbani, maana sehemu ya stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE imekuwa ikiuliza jozi za maneno yanayotamkwa sawa.

"Heeds" ni silabi moja. "Heeded" ni silabi mbili, hii-did, na ile "-ed" inasikika kwa sababu kitenzi kinaishia kwa d. Usiimeze. Anayesema "they heed" akikusudia "they heeded" amebadilisha wakati wa tukio.

Jirekodi kwenye simu ukisoma sentensi hizi mbili: "He hid the letter." "He heeded the letter." Subiri saa moja, usikilize. Wakati huohuo umpe mtu mwingine asikilize bila kuiona karatasi, akuambie ni katika sentensi gani mtu aliificha barua. Kinasa sauti hakina huruma, na jirani mwaminifu ni bora zaidi yake.

Hatua ya tatu: kinachofuata neno

Kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii. Sheria ni fupi: "heed" ikiwa kitenzi haichukui kihusishi, na ikiwa nomino inakihitaji.

Kitenzi: "heed the warning", "heed my advice", "heed the call". Hakuna "to" hapo. Watu huiweka kwa sababu "listen" ina "to" na "pay attention" ina "to", basi mkono unaandika "heed to the warning" wenyewe. Kiswahili kinaweza kukuokoa. Badilisha "heed" na "zingatia". Unasema "zingatia onyo". Husemi "zingatia kwa onyo". Shamirisho, yaani kile kinachotendewa, imekaa moja kwa moja baada ya kitenzi, na "heed" inataka vivyo hivyo.

Nomino: "pay heed to the warning", "take heed of the warning". Hapa kitenzi ni "pay" au "take", na "heed" yenyewe ndiyo iliyokalia kiti cha shamirisho. Kiti kikishakaliwa, "warning" haina pa kukaa mpaka iingie kwa kihusishi. Ukielewa sababu hiyo hutahitaji kukariri orodha. Kinachobaki kukumbuka ni kwamba "pay" huenda na "to" na "take" huenda na "of".

"Take heed" inaweza pia kusimama peke yake, kama onyo: jichunge. Ina harufu ya kale na ya heshima. Wakazi wengi wa Nairobi waliisikia kwanza kanisani, kwa kuwa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaitumia mara nyingi, pale ambapo Biblia ya Kiswahili mara nyingi husema "angalieni". Katika barua ya ofisini ingesikika kama mahubiri.

Nomino hii haihesabiki. Hakuna "a heed", hakuna wingi "heeds". Kuna "no heed", "little heed", "more heed". "The driver paid no heed to the passengers" ni sentensi kamili na yenye nguvu: dereva hakuwajali abiria waliomsihi apunguze mwendo.

Makosa mengine tunayoyaona sana kwenye insha na barua za kazi ni haya. "He heeded that the road was closed" ni kosa, kwa kuwa neno hili halibebi kishazi cha "that". Sema "he heeded the notice that the road was closed". "She heeded to leave early" ni kosa pia. Sema "she heeded the advice to leave early". Na "I was heeded to stop" ni kuchanganya anayeonya na anayeonywa: aliyeonywa ndiye anayefanya kitendo cha "heed", hivyo hapo ulitaka "I was warned to stop".

Ukitaka kusema kwamba onyo halikufuatwa bila kumtaja mtu, kuna umbo linalopendwa sana na waandishi wa habari: "the warning went unheeded". Tafsiri yake ni onyo lilipuuzwa. Ni umbo la kujifunza zima kama lilivyo, bila kulifungua.

Hatua ya nne: kadi tatu, si moja

Kosa la kawaida ni kuandika "heed = zingatia" mbele na nyuma ya kadi, basi. Kadi hiyo inakufundisha jambo moja tu, na ndilo ulilokuwa ukilijua tangu mwanzo. Tengeneza tatu.

Kadi ya maana. Mbele, kwa buluu: "Mama alimwonya kuhusu mvua, na alibeba mwavuli. He ______ed her warning." Nyuma: "heeded", na chini yake mstari mmoja: alisikia, akatenda.

Kadi ya kihusishi. Mbele, mistari mitatu: "heed ___ the advice", "pay heed ___ the advice", "take heed ___ the advice". Nyuma, mstari wa kwanza chora alama nyekundu ya sifuri mahali pa pengo. Wa pili andika "to" kwa nyekundu. Wa tatu "of" kwa nyekundu. Tumia nyekundu kwa vihusishi tu. Jicho litazoea kwamba kwenye kitenzi panaonekana sifuri.

Kadi ya sauti. Mbele: "heed, hid, head, heat". Nyuma: "hii-d (ndefu), i legevu, e, hii-t (fupi)". Hii huisomi kimya. Usipoitamka kwa sauti, hujaifanya.

Kadi tano zilizobaki ziweke. Utazihitaji kwa makosa utakayoyagundua mwenyewe njiani, na makosa hayo ndiyo yenye thamani kubwa kwako.

Hatua ya tano: ratiba

Rudia siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 8, ya 15 na ya 30. Nafasi zinapanuka kwa sababu kumbukumbu hupungua kwa kasi mwanzoni kisha hupungua polepole, jambo ambalo Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alilipima kwa kujijaribu mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Anayerudia mara 30 siku moja anachoka, na baada ya wiki amebaki na kidogo.

Jibu kwanza, ndipo ugeuze kadi. Ukigeuza kabla ya kujibu unajidanganya, kwa sababu kulitambua jibu ni rahisi kuliko kulitoa. Ukikosa kadi, hiyo moja inarudi siku ya 1; nyingine zinaendelea na safari yao.

Mahali nako kuna maana. Kwenye matatu ya Rongai au Githurai, foleni ikiwa imeganda na muziki uko juu, fanya kadi ya maana na ya kihusishi, kwa sababu unaweza kujibu moyoni. Kadi ya sauti iache hadi nyumbani. Ukijaribu kutofautisha "heed" na "heat" kwenye kelele hiyo, sikio litazoea makosa.

Hatua ya sita: liwinde kwenye magazeti

Kati ya siku ya 4 na ya 15, soma gazeti ukitafuta neno "warning" au "advice", si "heed". Ukilipata, weka kidole hapo na utazame kitenzi kilichotangulia. Mara utakuta "issued a warning", mara "ignored", mara "heeded". Kwa njia hii unajifunza neno likiwa na marafiki zake, na unagundua kwamba "heed" huandamana na maneno machache tu: "warning", "advice", "call", "lesson", "plea", "words". Nje ya kundi hilo usiende kwa sasa. Mtu ("heed your elders") anaweza kuwa shamirisho, lakini ukitaja maneno yake utakuwa salama zaidi: "heed your mother's advice".

Angalia pia kinachotangulia kitenzi. "Failed to heed" na "refused to heed" vinatokea tena na tena, kwa kuwa habari huandikwa mambo yakiharibika. Nakili sentensi tano kwa mkono, usipige picha. Vichwa vya habari vinalipenda neno hili kwa ufupi wake, lakini huacha maneno madogo kama "the", kwa hiyo usinakili kichwa. Nakili sentensi ya ndani ya habari. Ukipata nafasi ya kufika Maktaba ya McMillan pale Banda Street, jengo lililofunguliwa mwaka 1931, omba magazeti ya zamani na ulitafute neno hilohilo katika habari za mvua za miaka iliyopita.

Hatua ya saba: litumie panapofaa

"Heed" ni neno la maandishi na hotuba. Katika barua kwa chama cha wakazi, ripoti ya kazini, insha ya shuleni au risala ya harusi, linakaa vizuri. Tangazo la lango la ploti linaweza kusema "tenants who do not heed this notice will be fined", na wapangaji wakaelewa kwamba mambo yamekuwa mazito. Lakini ukimwandikia fundi wa mabomba kwenye simu "please heed my instructions", utaonekana umekasirika. Mwambie "please follow". Na rafiki aliyepuuza ushauri wako mwambie "you should have listened to me". Hapo "listen" inabeba maana ya kufuata, kama "sikia" yetu.

Kwenye insha ya kurasa mbili, mara moja inatosha, mara mbili ni mwisho. Mtahini akiliona mara nne atajua ulilikariri.

Siku ya 30

Chukua karatasi tupu, kadi zikiwa mbali. Andika sentensi tano kuhusu mambo yaliyotokea mtaani kwako mwezi huo: moja ya kitenzi cha wakati uliopita, moja yenye "failed to heed", moja ya "pay heed", moja ya "take heed of", na moja yenye "went unheeded". Kisha zisome kwa sauti mbele ya kinasa, bila kusimama.

Sahihisha kwa kalamu nyekundu ukitazama vihusishi kwanza, halafu "-ed", halafu maana kwa yale maswali mawili ya mwanzo. Ukikosa kihusishi peke yake, rudisha kadi hiyo moja kwa siku ya 1 na uziache nyingine. Ukikosa sauti, rudia zoezi la "hii" na d kwa siku tatu, asubuhi, kabla hujazungumza na mtu. Sentensi zote tano zikiwa safi, chukua mojawapo ya zile kadi tupu na uandike mbele yake "heedless of the danger": asiyejali hatari, na kihusishi ni "of". Hiyo ianze siku yake ya 1 kesho.